C imejaa, D ina nafasi tele, "Extend Volume" imefifia. Nipanueje C bila kupoteza data?

Kisiki78 (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Laptopu ina SSD ya 256 GB na Windows 11, fundi aliigawa C 78 GB na D 159 GB. C imebaki na 2.9 GB na masasisho yanagoma. D nimetumia 71 GB tu.

Nimeingia Disk Management (zana ya Windows ya kugawa diski), nikapunguza D kwa 60 GB. Nafasi nyeusi imetokea, lakini nikienda kwenye C, "Extend Volume" imefifia, haibonyezeki. Nakosea wapi? Ekstano (diski ya nje) ninayo, ina kama 300 GB wazi.

Sekta_Mbovu

Mkuu, hujakosea kubofya, umekosea upande. Windows ikipunguza patisheni (kipande cha diski, kama C au D) hukata mkia wake, yaani upande wa kulia. Hiyo 60 GB iko nyuma ya D, wakati C iko mbele yake. "Extend Volume" huwaka pale tu nafasi tupu inapogusana na C upande wa kulia, bila kitu chochote katikati. Kwako katikati kuna D, na bila shaka kuna ka-Recovery pia, patisheni ndogo ya zana za uokoaji za Windows.

Kabla hujagusa kingine, fungua Terminal kama msimamizi utuletee majibu ya amri hizi:

diskpart, kisha list disk, select disk 0, list partition, exit
reagentc /info
manage-bde -status

Pia pakua CrystalDiskInfo uangalie afya ya SSD. Ikiandika "Caution" au "Bad", habari ya kugawa diski iishie hapo; nakili data, badilisha diski.

Kisiki78

CrystalDiskInfo inasema Good. Patisheni ziko hivi:

1 System 100 MB
2 Reserved 16 MB
3 Primary 78 GB
4 Recovery 522 MB
5 Primary 99 GB

Kwenye list disk kuna nyota chini ya Gpt (aina mpya ya jedwali la patisheni). Windows RE status: Enabled. BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows): C na D zote "Protection On", na sikumbuki kuiwasha.

Sekta_Mbovu

Windows 11 huweza kuiwasha yenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu, tafuta ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, uuandike kwenye karatasi. Usiuhifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo.

Nyuki_wa_Dodoma

Mbona mnamzungusha? Aweke programu ya kugawa diski ya bure, avute D kwenda kulia, amemaliza. Au ageuze diski kuwa Dynamic, C itajiunga na nafasi popote ilipo.

MamaSeva

Dynamic hapana kabisa, tena mtu asijaribu kwa kutazama tu itakuwaje. Kurudi Basic (aina ya kawaida ya diski) kwa zana za Windows unadaiwa ufute voliyumu zote, na Microsoft wenyewe wameshaitangaza Dynamic kuwa teknolojia ya kuachwa.

Kuvuta D kunawezekana, ila tujue kinachofanyika. Ukisogeza mwanzo wa patisheni, programu hainyooshi mstari tu kama unavyouona kwenye picha. Inabidi ihamishe patisheni nzima, sekta baada ya sekta, kutoka sehemu moja ya diski kwenda nyingine. Kwa GParted (programu ya bure ya kugawa diski inayowashwa kutoka flashi), 99 GB zote zinahama hata kama zenye data ni 71. Kwa mwendo wa MB 50 kwa sekunde ni zaidi ya nusu saa. Mashine ikizima katikati, sehemu ya data iko makazi mapya, sehemu iko ya zamani, na jedwali la patisheni linaelekeza mahali pamoja tu. Laptopu yenye betri nzima huvumilia umeme ukikatika. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS, mimi siwezi kumshauri mtu hivyo.

Halafu D yake ina BitLocker. GParted haiwezi kuibadilisha ukubwa ikiwa imefungwa, lazima kwanza uiondolee usimbaji, nayo huchukua muda wake. Tena kwenye laptopu nyingi za Intel zenye RST au VMD (mifumo ya Intel ya kusimamia diski), flashi ya GParted haioni SSD kabisa. Watu huingia BIOS wakabadilisha kwenda AHCI (mfumo wa kawaida), wakirudi Windows haiwaki, wanakuta kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Sekta_Mbovu

Naungana na MamaSeva. Kisiki, una ekstano, kwa hiyo huna sababu ya kusogeza patisheni hata moja. Nakili D, ifute, panua C, tengeneza D mpya. Fuata mpangilio huu, usiruke.

Kwanza kunakili. Hakikisha mfumo wa faili wa ekstano ni NTFS au exFAT; FAT32 hukataa faili lolote la kufika 4 GB. Ikiwa ekstano ni E:

robocopy D:\ E:\NakalaD /E /COPY:DAT /DCOPY:T /R:1 /W:1 /XJ /XD "System Volume Information" "$RECYCLE.BIN" /LOG:E:\ripoti.txt

Ikimaliza fungua ripoti.txt, shuka chini kabisa. Safu ya FAILED iwe 0 kwa Dirs na Files. Ikiwa si 0, tafuta neno ERROR humo uone faili lililogoma. Usishtuke folda NakalaD isipoonekana: robocopy ikinakili kutoka mzizi wa diski huipa folda mpya sifa ya kufichwa. Andika attrib -h -s E:\NakalaD itajitokeza. Fungua faili kadhaa kubwa, video icheze, zip ifunguke. Nyaraka zisizo na mbadala ziweke na kwenye flashi nyingine, maana ukishafuta D, ekstano itakuwa nakala pekee duniani.

Kisha chomoa ekstano. Watu wengi waliofuta diski isiyo yenyewe kwenye diskpart walifuta ekstano yenye nakala. Ikiwa haipo, huwezi kukosea namba.

Simamisha BitLocker ya C, na chaja iwe imechomekwa:

manage-bde -protectors -disable C: -rc 0

Hiyo sifuri maana yake ibaki imesimama hata ukiwasha upya, mpaka uirudishe mwenyewe.

Sasa Recovery. Andika reagentc /disable. Amri hii huirudisha Winre.wim (faili lenye zana za uokoaji) kutoka patisheni ya 4 kwenda C. Hakiki kabla ya kuendelea:

dir /a C:\Windows\System32\Recovery

Usipoiona Winre.wim humo, SIMAMA, rudi hapa jukwaani. Ukiiona, nenda Disk Management, bofya D kitufe cha kulia, "Delete Volume". Ikiwa nayo imefifia, pagefile (faili la Windows la kusaidia RAM) iko D. Irudishe C kwenye mipangilio ya Virtual Memory, washa upya.

Recovery haifutiki kwa Disk Management, inataka diskpart:

diskpart
select disk 0
list partition
select partition 4
detail partition

Soma mstari wa Type. Lazima uanze na de94bba4. Ukiona tofauti, umechagua siyo. Ukiridhika:

delete partition override
select partition 3
extend size=61440
create partition primary size=1024
format quick fs=ntfs label="WinRE"
set id=de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac
gpt attributes=0x8000000000000001
exit

61440 ni 60 GB kwa hesabu ya 1024. Ule mstari wa attributes unaizuia Windows isiipe patisheni herufi na kuilinda isifutwe kirahisi. Amri za set id na gpt attributes ni za diski ya GPT; mwenye MBR (aina ya zamani) anayesoma hapa asinakili, kwake ni set id=27 peke yake.

Malizia kwa reagentc /enable, kisha reagentc /info, ioneshe Enabled. Nafasi iliyobaki kama 98 GB fanya "New Simple Volume", uipe herufi D ileile ili programu na njia za mkato za zamani zisipotee. Rudisha data, kisha manage-bde -protectors -enable C:

Kapteni_Bit

Swali kwa Sekta: kwa nini Recovery isiwekwe mwisho kabisa wa diski? Ukiiweka tena katikati ya C na D, siku akitaka kupanua anarudia kazi ileile.

Sekta_Mbovu

Hoja ina uzito, lakini Microsoft wanataka ikae mara baada ya patisheni ya Windows, ili sasisho likihitaji Recovery kubwa zaidi liweze kumega C na kuitengeneza upya. Sasisho la KB5034441 la Januari 2024 lilileta kosa 0x80070643 kwenye mashine nyingi za Windows 10 kwa sababu Recovery ilikuwa ndogo, na maelekezo yao yalikuwa kuiongezea 250 MB. Ndiyo maana nimempa 1024 badala ya 522. Kurudia amri kumi baada ya miaka kadhaa naona ni nafuu.

MamaSeva

Kwa wasomaji wasio na ekstano, kuna njia ambayo data haihami kwa hatari. Ikiwa mlichotumia D hakifiki nusu yake, ikateni katikati. Mfano wa Kisiki: D ya 159 GB ipunguzwe hadi 79, mkiani ibaki 80. Tengeneza voliyumu mpya kwenye hiyo 80, nakili 71 GB zote kutoka D ya zamani, kagua, ndipo ufute D ya zamani. Nafasi inabaki jirani na C, umalize na Recovery kama alivyoeleza Sekta. Kwa wakati wote huo faili la asili lipo mpaka nakala ithibitike.

Kasoro zake ni mbili. D mpya inabaki 80 GB imebanana, na nakala zote ziko kwenye SSD moja. Ikifa, zimekufa zote. Pia Windows inaweza kukataa kupunguza kiasi unachotaka japo nafasi ipo. Hiyo husababishwa na faili lisilohamishika. Fungua Event Viewer, Application, tafuta Event ID 259. Hutaja jina la faili lililozuia. Mara nyingi ni pagefile.sys au sehemu za kurejeshea mfumo zilizo ndani ya System Volume Information.

Kapteni_Bit

Na kabla ya yote, asafishe C. GB 2.9 ni chache mno kwa kazi yoyote.

powercfg /h off
dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup

Ya kwanza inafuta hiberfil.sys (faili la hibernate), ambayo kwa kawaida ni kama 40% ya RAM. Mwenye RAM 8 GB anapata zaidi ya 3 GB papo hapo. Pia inazima Fast Startup (uwashaji wa haraka), jambo jema unapogawa diski, kwa sababu C inafungwa kikamilifu unapozima. Folda ya WinSxS msiifute kwa mkono, hata ionekane kubwa kiasi gani. Windows.old iondolewe kupitia Settings, Storage. Na WhatsApp ya kompyuta hutunza video za magrupu ndani ya AppData kwenye C, wengi hawatazami hapo.

Nyuki_wa_Dodoma

Akisafisha si yatosha?

Kapteni_Bit

Kwa mwezi mmoja, labda. Windows 11 yenyewe inataka diski isiyopungua 64 GB, sasa C ya 78 ikishawekewa Office na programu nyingine imebaki nini? Apanue.

Kisiki78

Nimenakili, FAILED 0. BitLocker nimesimamisha. Reagentc /disable imejibu "Operation Successful", lakini dir /a inaonesha ReAgent.xml tu. Winre.wim haipo. Nimesimama kama mlivyosema.

Sekta_Mbovu

Vizuri sana, ungefuta hapo ungebaki bila zana za uokoaji. Sasa itoe kwenye ISO (faili la kusakinishia Windows). Pakua ISO ya Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft, toleo lilelile ulilonalo (andika winver uone), lakini ihifadhi D au ekstano, C haina nafasi. Bofya mara mbili ili ipachikwe, kisha kwa 7-Zip fungua sources\install.wim, au install.esd. Utakuta folda zenye namba. Kila namba ni toleo, Home, Pro na kadhalika. Ingia yoyote, fuata Windows\System32\Recovery, toa Winre.wim uiweke C:\Windows\System32\Recovery. Kisha:

reagentc /setreimage /path C:\Windows\System32\Recovery

Usiandike enable bado. Rudia dir /a, ukiiona endelea na kufuta D.

Kisiki78

Imekubali. List partition sasa:

3 Primary 138 GB
4 Recovery 1024 MB
5 Primary 98 GB

Reagentc /info inasema Enabled, partition4. Data inarudi D sasa hivi. Ekstano niifute lini?

MamaSeva

Usiifute wiki hii. Washa upya mara mbili tatu, acha masasisho yaliyogoma yaingie, ufungue mafaili yako ya kawaida. Na ile -protectors -enable C: hujatuambia kama umeiandika.

Kisiki78

Nilisahau. Nimeiandika sasa, status inasema Protection On. D mpya haina BitLocker.

Sekta_Mbovu

Ni kawaida, voliyumu mpya huanza wazi. Kama laptopu unatembea nayo, iwashe ya D data ikimaliza kurudi, na ufunguo wake utakuwa mpya, uandike chini ya ule wa C.