Korea Kusini kama mfadhili: ruzuku ni ipi, mkopo ni upi, na andiko la mradi linapita wapi?

Mto_Wami aliuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ufafanuzi kwa wanaoujua utaratibu huu. Kila Korea Kusini inapotajwa kwamba "imetoa msaada", mara ni KOICA, mara ni EDCF. Juni 2024 kule Seoul, Tanzania ilisaini makubaliano ya dola bilioni 2.5 kwa miaka mitano. Hizo ni fedha za bure au deni? Halmashauri ikiwa na wazo zuri, andiko linaanzia wapi? Na kwa nini mkandarasi mara nyingi hutoka kwao?

---

Hesabu_Wazi:

Mkuu, hizo bilioni 2.5 ni mkopo nafuu. Tena ni ukomo wa kukopa, si fedha zilizoingia benki. Kila mradi utakaochota humo unahitaji mkataba wake wa mkopo.

Korea ina milango miwili. EDCF ni mfuko wa mikopo ulioanzishwa 1987, unaendeshwa na Benki ya Exim ya Korea chini ya wizara yao ya fedha. KOICA ni shirika la ruzuku, limeanza 1991, lipo chini ya wizara yao ya mambo ya nje. Hospitali ya Mloganzila na Daraja la Tanzanite vyote vimejengwa kwa mkopo wa EDCF. Ukiona zege nyingi, uliza kwanza mkataba wa mkopo.

Sasa kwa nini mkopo unaitwa msaada? Tangu takwimu za mwaka 2018, kamati ya wafadhili ya OECD (jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi), yaani DAC, huhesabu kama msaada ile sehemu ya mkopo yenye unafuu tu. Kwa nchi maskini zaidi, unafuu huo lazima ufike walau asilimia 45, na hupimwa kwa kiwango cha punguzo (jinsi thamani ya fedha za baadaye inavyopunguzwa ikilinganishwa na za leo) cha asilimia 9 kwa mwaka. Tanzania iliingia kundi la kipato cha kati cha chini mwaka 2020, lakini bado imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, kwa hiyo kipimo chake ni hicho cha asilimia 9.

Chukua mkopo wa dola milioni 100, riba asilimia 0.01, miaka 40, na miaka 10 ya mwanzo hulipi mtaji. Ukipiga hesabu kwa kiwango hicho, takribani milioni 85 zinaandikwa kuwa msaada wa Korea. Lakini milioni zote 100 zitarudishwa, na kwa fedha za kigeni. Shilingi ikiteremka kutoka 2,000 hadi 2,600 kwa dola moja, mzigo wa marejesho kwa shilingi umepanda asilimia 30 bila riba kuguswa. Hapo ndipo maafisa wengi wa mipango hawaangalii, kwa sababu macho yao yako kwenye riba.

Wakorea wanaiamini mikopo kwa sababu wamejijenga nayo. Mwaka 1962 walichukua mkopo nafuu wa IDA, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha nchi maskini, kwa ajili ya reli. Waliondolewa kwenye orodha ya wapokea misaada mwaka 2000, na Januari 2010 uanachama wao wa DAC ukaanza. Miaka kumi tu! Hata hivyo bajeti yao ya misaada bado si nono ukilinganisha na uchumi wao: lengo ni asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2030, na mwaka 2023 walikuwa karibu 0.18. Lengo la Umoja wa Mataifa ni 0.7.

Kuhusu mkandarasi: sehemu ya mikopo ya EDCF hufungwa, maana yake zabuni kuu ni ya kampuni za Korea. Tangu 2001 DAC inapendekeza misaada kwa nchi maskini zaidi isifungwe, lakini ni pendekezo, si sheria. Zabuni ikifungwa, washindani ni wachache na bei inaelekea kupanda. Kwa hiyo makadirio ya gharama yafanywe na mhandisi huru kabla ya kusaini. Kujadili bei baada ya saini ni kupoteza muda.

---

Andiko_Kwanza:

Naongezea upande wa KOICA, maana halmashauri inaweza kufaidika huko zaidi.

Halmashauri haipeleki andiko ubalozini moja kwa moja. Linapita wizara yake, kisha Wizara ya Fedha, ndiyo inayoliombea rasmi. Kisha ubalozi na ofisi ya KOICA nchini wanachuja, makao makuu yanachambua, timu inakuja kufanya upembuzi, na mwisho mradi unaingia kwenye bajeti ya Korea. Wenyewe wanahesabu kurudi nyuma: mradi wa kuanza 2028 andiko lake fupi liwe mezani 2026. Ukichelewa dirisha moja, umepoteza mwaka mzima.

Kinachokwamisha mara nyingi ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Korea unaanza Januari 1 na Bunge lao linatakiwa kupitisha bajeti kufikia Desemba 2. Wetu unaanza Julai 1. Mchango wa serikali yetu (fidia ya ardhi, kuvuta umeme na maji, barabara ya kuingilia, mishahara ya watumishi) lazima uwe umeshawekwa kwenye bajeti ya Julai kabla wataalamu wao hawajafika. Usipokuwepo, vifaa vinafika na jengo halina maji.

Msamaha wa kodi nao uandikwe ndani ya makubaliano kwa kutaja vifaa. Sentensi ya jumla haitoshi forodhani, na makontena yakikaa bandarini gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku.

---

Fundi_Mkuu_Hz:

Kuna jambo la kiufundi linalosahaulika na linaua vifaa. Umeme wa Korea ni volti 220, hezi 60 (Hz, yaani marudio ya mkondo wa umeme kwa sekunde). Wetu ni volti 230, hezi 50. Kompyuta haina shida, mota ina shida.

Mota ya nguzo nne (ncha nne za sumaku) iliyotengenezwa kwa hezi 60 ina kasi ya sumaku ya mizunguko 1,800 kwa dakika. Huku inashuka hadi 1,500. Pampu ya maji inayorusha maji kutoka katikati kwenda nje (centrifugal) ikipungua kasi hivyo, maji yanabaki kama asilimia 83 na uwezo wa kupandisha maji unashuka hadi asilimia 69. Yaani pampu iliyopimwa kupandisha mita 60 inaishia kama mita 41, na tenki la mlimani halijai. Juu ya hapo, chuma cha mota kinajaa sumaku kupita kiasi, mota inavuta mkondo mkubwa, inachemka na waya zinaungua. Kibadili volti hakirudishi kasi, hakigusi hezi.

Andikeni kwenye vipimo vya zabuni: "230/400 V, 50 Hz", plagi za pini tatu za mraba, mwongozo wa matengenezo kwa Kiingereza au Kiswahili, na vipuri vya miaka miwili. Mwongozo wa Kikorea hausomwi na fundi wa wilaya.

---

Mto_Wami:

Nashukuru sana wakuu. Na ule mchele wa Korea unaopelekwa nchi jirani, nao ni mkopo?

---

Hesabu_Wazi:

Hapana, huo ni ruzuku kamili. Korea ilijiunga na Mkataba wa Msaada wa Chakula mwaka 2018, ikaanza na tani 50,000 kwa mwaka kupitia WFP, yaani Shirika la Mpango wa Chakula Duniani; Kenya, Uganda, Ethiopia na Yemen ndizo zilizotangulia kupokea. Mwaka 2024 ikapandisha hadi tani 100,000. Wao wenyewe walikuwa wakipokea chakula cha WFP kuanzia 1964 hadi 1984.

Angalizo kwa wanaougawa: ni mchele wa punje fupi, unanata. Ukipikwa kwa maji mengi unageuka bokoboko, na watu wanaweza kudhani umeharibika. Maelekezo ya kupika yatolewe siku ya mgao, kwa lugha ya walengwa.