Naombeni ushauri: Chuo Kikuu Huria kituo cha Songea, au chuo cha Ulaya kwa njia ya mtandao?

Mwalimu wa Mbinga

Wakuu shikamooni, na wa rika langu habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Mbinga, nina stashahada ya ualimu. Nataka kuanza shahada ya elimu bila kuacha kazi. Nina watoto wawili na ninaishi na mama mzazi ambaye miguu inamsumbua, kwa hiyo habari ya kwenda kukaa Dar au Dodoma miaka mitatu haipo.

Nimebakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho unasoma ukiwa kwako, niwe chini ya kituo cha Songea. Kutoka hapa ni kama kilomita 100 za lami, naenda na kurudi siku hiyohiyo. Ya pili ni chuo kimoja cha Ulaya kinachofundisha kila kitu mtandaoni. Ada yao ni dola 1,500 kwa mwaka, na mtihani unafanyia nyumbani mbele ya kamera ya kompyuta.

Nisiwafiche, moyo wangu uko kwa hiki cha mbali. Walinifungulia somo moja la majaribio, na mhadhiri alionyesha namna ya kumsaidia mtoto anayechanganya herufi. Kesho yake nilijaribu na kijana wangu mmoja wa darasa la pili ambaye kila siku "b" kwake ni "d". Nikamwandikisha kwa kidole kwenye mchanga nje ya darasa, akitamka sauti huku anaandika. Aliandika "baba" bila kukosea. Nilijisikia mwalimu mpya kabisa.

Mwenzangu anasema cheti cha nje kina uzito. Dada yangu anasema nisiache cha nyumbani. Ada itatoka kwenye mshahara na kahawa. Waliopita njia hizi naombeni mniambie ukweli.

Binti Tunduru

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa kuthubutu. Mimi nimemaliza Chuo Huria nikiwa kazini, mitihani yote nilifanyia Songea.

Watu wanadhani kituo ni mahali pa kuchukulia fomu tu. Mimi kilichonivusha ni watu niliokutana nao pale. Tulikuwa walimu wa Namtumbo, Mbinga na Tunduru, tukifika siku mbili kabla ya mtihani, tunachanga chumba gesti, tunakaa sakafuni na mitihani ya miaka ya nyuma mpaka usiku wa manane. Mmoja alikuwa mkali wa takwimu, mwingine anaijua saikolojia ya elimu kama jina lake. Somo la utafiti nililielewa kwenye sakafu ile, kwenye moduli lilikuwa limenigomea.

Lakini nikwambie na upande wa pili. Ukaribu wa Songea hautakusomea. Hakuna kengele wala mwalimu wa zamu. Ukirudi kutoka shule umechoka, ukasema leo nipumzike, muhula unaisha hujafungua kitabu. Kama huna nidhamu ya saa moja na nusu kila siku, chuo cha karibu na cha mbali vyote vitakushinda.

Afisa Utumishi Kusini

Mwalimu, uzuri wa somo la majaribio siubishi. Ila kabla hujalipa hata senti, jiulize cheti hicho unakwenda kukitumia wapi. Wewe ni mtumishi wa umma. Ukimaliza utaomba kubadilishiwa muundo, yaani cheo na mshahara viendane na shahada, na faili lako litapita mezani kwa mtu kama mimi. Mimi sitaangalia jengo la chuo ni zuri kiasi gani. Nitaangalia kama shahada inatambulika.

Shahada ya nje inatambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Naona watu wanachanganya sana: NECTA ni vyeti vya sekondari, NACTVET ni stashahada na astashahada, TCU ni shahada. TCU huangalia kwanza kama chuo kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya nchi kilipo. Kwa hiyo chukua jina kamili la chuo na jina kamili la programu, waandikie TCU uulize, na upate jibu la maandishi KABLA ya kujisajili. Nimeshapokea mtumishi na shahada ya chuo cha mtandaoni ambacho hata nchini kwake hakikuwa na ithibati. Alikuwa amelipa miaka yote, na mtu mzima yule alilia mbele yangu. Sikuwa na la kumsaidia.

La pili, na hili kwa mwalimu ni kubwa zaidi: mazoezi ya kufundisha. Waulize hao wa Ulaya, nani atakuja Mbinga kukukagua ukiwa darasani? Kama programu yao haina mazoezi ya kufundisha, unaweza ukawa na shahada yenye neno "elimu" ambayo haikufanyi mwalimu wa sekondari. Usikubali jibu la "tutaona huko mbele".

La tatu, omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri kwa barua, kupitia mkuu wa shule, na utunze nakala yenye muhuri. Hata kama unasomea sebuleni kwako.

Mitambo Dodoma

Naheshimu waliotangulia, ila nisingependa dada aondoke hapa akidhani kusoma mbali ni kubahatisha. Mimi nasoma mambo ya kompyuta chuo cha Uingereza nikiwa Dodoma, na naendelea vizuri. University of London walianza kutahini watu walio mbali mwaka 1858. Mandela alimaliza shahada yake ya sheria ya UNISA, chuo cha Afrika Kusini kinachofundisha watu walio mbali, mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Umbali si hoja. Hoja ni kama chuo ni cha kweli na kama maisha yako yanaendana na mfumo wao.

Sasa tuje kwenye mfumo. Saa zao ni tofauti na zetu. London wakati wa baridi wako nyuma yetu saa tatu, kiangazi saa mbili. Kipindi cha saa 12 jioni kwao ni saa 3 usiku kwangu, na ikifika mwisho wa Machi kinahamia saa 2. Kazi inayotakiwa kabla ya usiku wao wa manane, mimi nina mpaka karibu saa 9 usiku. Kwangu ni nafuu, sina mtoto. Wewe una watoto na mama, na asubuhi unatakiwa shule.

Bando usilichukulie kirahisi. Kipindi cha saa moja cha video kinaweza kula karibu GB 1 ukiacha picha kali. Shusha ubora wa video mpaka 360, au pakua usiku uangalie baadaye. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisuasua nchi nzima, na mimi nilikuwa na kazi ya kuwasilisha wiki ileile. Niliwaandikia mapema wakanisogezea tarehe. Mtihani wa kamera lakini hausogezwi kirahisi hivyo. Umeme ukikatika katikati, kazi ya kujieleza ni yako. Huko Mbinga umeme ukoje?

Mwalimu wa Mbinga

Asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili.

Kaka wa Dodoma, umeme wa huku wakati wa mvua si wa kuwekea dhamana. Na saa 3 usiku ndiyo saa namkanda mama miguu kwa maji ya moto. Sikuwahi kuliwaza hilo la saa.

Afisa, nimewaandikia wa Ulaya swali la mazoezi ya kufundisha kama ulivyosema. Wamejibu haraka na kwa heshima: programu hiyo haina mazoezi darasani, ni "masomo ya elimu" tu. TCU nao nimewaandikia, nasubiri.

Mwana Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu pia swali ni hilohilo, hasa tangu Chuo Kikuu Huria cha Kenya kipate hati yake mwaka 2023, makao yake Konza. Kabla ya hapo, mtu akitaka kusomea mtandaoni moja kwa moja, wengi tulitazama nje.

Mie niongezee la pesa tu, mwalimu. Nilisoma nje kwa dola 1,200 kwa mwaka. Mapema 2023 dola ilikuwa kama shilingi 125 zetu, ikawa 150,000 hivi. Januari 2024 dola ikafika 160. Chuo hakikupandisha ada hata peni moja, lakini mie nikatakiwa nitoe 192,000. Mshahara ulikuwa uleule. Nilimaliza, alhamdulillahi, na elimu ilikuwa nzuri mno, ila ule mwaka niliuza hadi friji. Usipange ada kwa bei ya dola ya leo, panga na pengo juu yake.

Mwalimu wa Mbinga

Dada wa Likoni pole, na asante. Nimepiga hesabu ya kwetu: mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu 2,330, kwa hiyo 1,500 ni 3,495,000. Katikati ya 2024 ilivuka 2,600, hiyo ni 3,900,000 na zaidi. Laki nne zimetoka hewani. Na kahawa hailipwi kwa tarehe anayoitaka mhasibu wa chuo, tunasubiri mnada na AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima.

Kwa mwendo huu naelekea Songea. Kinachoniuma ni lile somo la herufi. Naogopa nitapata cheti kinachonipandisha na kukosa vile vitu vya kumsaidia mtoto darasani.

Binti Tunduru

Mwalimu, hapo usihuzunike, vitu hivyo vipo na huhitaji kuvilipia. Tafuta TESSA. Ni mradi wa elimu ya ualimu kwa Afrika kusini mwa Sahara, unaoongozwa na Open University ya Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, Chuo Huria chetu kikiwemo. Wana moduli za bure kwa walimu wa msingi, na zipo kwa Kiswahili: kusoma na kuandika, hisabati, sayansi, stadi za maisha, sanaa na maarifa ya jamii. Kila sehemu ina mfano wa mwalimu halisi na zoezi la kufanya na watoto wako. Mimi nilizichapisha chache na bado nazitumia.

Na Open University haohao wana OpenLearn, kozi fupi za bure kwa Kiingereza. Huko utapata mambo ya watoto wenye shida ya kusoma. Kama fani hiyo ndiyo inayokuvuta, ukifika Songea uliza pia kuhusu shahada ya Elimu Maalumu kabla ya kujaza fomu ya kawaida.

Afisa Utumishi Kusini

Naunga mkono. Angalia pia matokeo yako ya stashahada: kwa anayeomba shahada kwa sifa za stashahada, wastani wa kuanzia ni GPA 3.0. Ukiwa chini ya hapo waambie kituoni mapema wakuelekeze. Na barua ya ruhusa ya mwajiri iandike sasa, usisubiri udahili utoke.

Mwalimu wa Mbinga

GPA ninayo, 3.6. Barua naipeleka kwa mkuu Jumatatu. Binti Tunduru, naomba unielekeze gesti mliyokuwa mnachanga, na kama kuna mwalimu wa Mbinga anaanza mwaka huu aniandikie, nisingependa kusafiri peke yangu.