Vifaranga wanaharisha damu masika haya, naomba ushauri

Habari zenu wafugaji wenzangu, na shikamooni wakubwa.

Niko Morogoro, nina kuku wa kienyeji 34 na bustani ndogo ya mchicha na sukuma wiki nyuma ya banda. Tangu mvua za masika zikolee, vifaranga wa wiki 5 wamekuwa wakizubaa, mabawa yameshuka, manyoya yamesimama na kinyesi kina damu. Wamekufa 6 ndani ya siku 4, inauma sana. Wakubwa wako salama. Asubuhi nikishika maranda ya bandani yanagandamana mkononi kama unga uliokandwa, maana maji yanapenya chini ya ukuta.

Chanjo ya matone ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) walipata, kwa hiyo nahisi ni koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuharisha damu unaoletwa na vimelea vya utumbo. Mwanzoni niliwapa mwarobaini, sikuona nafuu, na najutia siku 2 nilizopoteza. Sasa wanakunywa amprolium, dawa ya koksidiosisi, kwenye maji, leo siku ya 3. Wengi wamechangamka na wanakula, watatu bado wamejikunyata. Maranda yote nimeyatoa nikaweka makavu, na nimechimba mfereji wa kuepusha maji.

Naomba kujua: dukani niliambiwa nitumie dawa siku 5, je, baada ya hapo nirudie au nisubiri? Na yale maranda yenye kinyesi nimeyarundika pembeni. Yakishaoza, naweza kuyaweka kwenye matuta ya mchicha bila kuwarudishia ugonjwa? Jioni huwa nawafungulia wadonoe huko huko.