Maharage hayaivi ndani ya vipindi viwili, nipangeje somo?

Mwalimu wa Kimu, Njombe
Kamwene walimu wenzangu. Nafundisha Sayansi Kimu kidato cha pili. Jumanne nilikuwa na vipindi viwili mfululizo, dakika 80, wanafunzi 44, majiko ya mkaa manne. Andalio la somo nililikamilisha usiku: lengo mahsusi, zana, hatua, tathmini. Tunapika maharage, tunapakua, tunajadili protini.

Kengele ilipolia nilichota punje moja nikaibonyeza. Ganda limejikunja, ndani peupe, pagumu. Binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, tule au tumwage?" Nilikosa la kumjibu. Maharage yale waliyachanga wenyewe kutoka nyumbani, kikombe kikombe.

Sitaki kurudi kwenye somo la kuandika ubaoni. Mkoa wetu unalima mahindi, viazi, njegere, maparachichi, na bado utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mabinti na vijana hawa kesho ndio watakaolisha watoto. Nyie mnapangaje?

Baba Jose, Mafinga
Pole mwalimu. Weka magadi kidogo, yanalainika chapu. Mama yangu alifanya hivyo miaka yote.

Mama Tukuyu
Baba Jose, samahani kaka yangu, magadi yanalainisha kweli ila yanaharibu vitamini B1, na hapo tunafundisha lishe. Tusiwafundishe hivyo.

Mwalimu, kosa si lako. Njombe iko juu sana, karibu mita 2,000, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, hayafiki 100. Ukichochea mkaa utakausha maji tu, joto la chunguni haliongezeki. Kitabu kinachosema saa moja na nusu hakikuandikiwa sufuria ya Njombe.

Ligawe somo. Jumatatu jioni kundi la zamu lichambue, lioshe, liloweke. Kuloweka huko kuandike kwenye andalio kama hatua ya kwanza, kusiwe jambo la pembeni. Asubuhi maji ya kulowekea yamwagwe. Halafu jiko moja liachie maharage ambayo hayakulowekwa, wanafunzi waandike muda wa kila sufuria. Somo la fizikia umelipata humo humo.

Mwl. mstaafu, Mbeya
Naongezea kikapu cha kutunza joto, maharage yaendelee kuiva bila moto. Tenga kubwa la matete, ndani mablanketi ya zamani. Sufuria ichemke kwa nguvu dakika 20 nzima, usipunguze, maana maharage mekundu yasiyochemka vizuri yanatapisha. Kisha ifunikwe, izamishwe kikapuni, ifungwe. Kama vipindi vyako ni vya asubuhi, fungueni saa saba mchana, rudisheni motoni mpaka yachemke tena, ndipo mpakue. Mkaa utakaobaki mtashangaa. Nami nilifundisha hivyo miaka mingi, wazazi walikuja kuuliza kikapu kinatengenezwaje.

Mwalimu wa Kimu, Njombe
Mungu awabariki. Vipindi vyangu ni cha kwanza na cha pili, kwa hiyo kikapu kinaniingia kabisa. Nimemwomba mkuu wa shule chakula cha mchana cha siku hiyo kitoke darasani kwetu, amekubali. Tenga nitanunua sokoni Jumamosi. Shikamoo mwalimu wa Mbeya, nielekeze: sufuria ya lita kumi inataka mablanketi mangapi, na chini niweke nini kwanza, majani makavu au blanketi?

Mwl. mstaafu, Mbeya
Marahaba mwanangu. Majani makavu chini, kina cha kiganja. Mablanketi matatu, moja la juu likunje mara nne.