Tupeane uzoefu: maumivu ya kichwa na shingo uzeeni, na kile ambacho fiziotherapia imetufanyia

Mwanzisha mada

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wa rika moja nawasalimu kwa heshima. Nimefungua mada hii kwa sababu mtu aliyevuka miaka 60 akilalamika kwamba kichwa kinamuuma na shingo imekaza, mara nyingi huambiwa kuwa ni uzee na kwamba avumilie. Siamini kuwa jibu hilo linatosha. Umri hubadilisha shingo, hilo halina ubishi, lakini shingo iliyobadilika bado inaweza kuchunguzwa, kulegezwa na kuongezewa nguvu. Naomba kila atakayechangia aeleze alichunguzwaje, alifanyiwa nini, na nini anaendelea kukifanya mwenyewe nyumbani, maana kusema tu kwamba ulipona hakumsaidii mwenzako anayetafuta njia.

Naanza na yangu. Nina umri wa miaka 66. Maumivu yalianzia kisogoni upande wa kulia, yakapanda hadi utosini na kutulia nyuma ya jicho, na yalizidi kila nilipoinamia kazi kwa muda mrefu au nilipogeuka kutazama nyuma. Macho yalipimwa yakaonekana hayana tatizo. Daktari alinipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mikono na mazoezi, na huyo ndiye aliyenieleza jinsi shingo inavyoweza kuliumiza jicho: neva (mishipa ya fahamu) tatu za juu za shingo hukutana na neva inayoleta hisia za uso katika sehemu moja, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, na ujumbe wa maumivu ukishafika hapo ubongo hauwezi kila mara kutambua umetoka wapi. Kwa hiyo kiungo cha shingo kinalalamika, na mwenye shingo anashika jicho.

Uchunguzi wenyewe ulinivutia. Nililala chali, akakikunja kidevu changu hadi karibu na kifua, kisha akageuza kichwa polepole upande mmoja na upande wa pili. Shingo ikiwa imekunjwa hivyo, sehemu kubwa ya mzunguko unaobaki hufanyika kati ya pingili ya kwanza na ya pili, na kwa mtu asiye na tatizo kichwa hugeuka takriban digrii 40 kila upande. Changu kiligeuka vizuri kushoto, lakini kulia kiligoma mapema, na pale kilipogoma maumivu yaleyale ninayoyajua yakaamka. Nilifarijika sana kuona kwamba maumivu yangu yana mahali pake.

Matibabu yalikuwa ya namna mbili. Kwanza, mtaalamu alivisogeza viungo vya juu vya shingo kwa vidole, taratibu, bila kuvikurupusha. Pili, na hili ndilo ninaloliona kuwa kiini, alinifundisha zoezi dogo la kuitikia kwa kichwa: unalala chali, kichwa juu ya mto mwembamba, unashusha kidevu kidogo tu kana kwamba unamwitikia mtu, bila kuinua kichwa na bila kuiacha misuli mikubwa ya mbele ya shingo ikakamaa, kisha unashikilia kwa sekunde kadhaa, na kadiri unavyozoea unafika sekunde 10. Linaonekana si kitu, na ugumu wake hujulikana pale unapolifanya ipasavyo. Misuli ya ndani, ile iliyolala juu ya pingili zenyewe, hudhoofika maumivu yanapodumu, na misuli ya nje huchukua kazi isiyo yake. Baadaye yaliongezwa mazoezi ya kuvuta mabega nyuma na chini. Sasa maumivu huja kwa nadra, na yakija hayanilazi. Shingo haijawa ya kijana, wala sikuahidiwa hivyo.

Mchangiaji anayemtunza baba yake

Shikamoo mama, nashukuru kwa kufungua mada hii. Uzoefu wangu ni wa namna nyingine, na naamini unastahili kusomwa na kila mwenye mzee nyumbani.

Baba yangu ana umri wa miaka 78 na maisha yake yote hakuwa mtu wa kuumwa kichwa. Ghafla alianza kuumwa kwenye panja, pamoja na shingo na mabega yaliyokaza mno nyakati za asubuhi. Kwa kuwa shingo ilihusika, tulimpeleka kwenye fiziotherapia tukitarajia achuliwe. Mtaalamu hakumgusa shingo. Alimuuliza kwanza maswali ambayo sisi hatukuwa tumeyafikiria: je, taya huchoka au kuuma anapotafuna, je, ngozi ya kichwa humuuma anapochana nywele au anapolaza kichwa kwenye mto, na je, kuna wakati macho yake hufifia au huona vitu viwili viwili? Baba akajibu ndiyo kuhusu taya na ngozi ya kichwa. Mtaalamu aliandika barua saa ileile na kutuambia tusiende nyumbani, twende moja kwa moja hospitali.

Vipimo vya damu vilionyesha dalili kubwa za uvimbe mwilini, na daktari alieleza kwamba kuta za ateri za kichwani, yaani mishipa inayopeleka damu, zinaweza kuvimba, ugonjwa ambao karibu kila mara huwapata watu waliovuka miaka 50, na kwamba ateri inayolisha jicho ikiziba uoni hupotea na mara nyingi haurudi. Ndiyo maana dawa za steroidi, za kupunguza uvimbe huo, zilianza kutolewa siku hiyohiyo, kabla ya uchunguzi wote kukamilika. Macho ya baba yamesalimika. Fiziotherapia ilikuja baadaye, kwa ajili ya mabega na miguu iliyokuwa imelegea, na ilimfaa sana. Hata hivyo, huduma kubwa kuliko zote aliyoipata kutoka kwa mtaalamu yule ilikuwa ile barua.

Mwanzisha mada

Mwanangu, ahsante, na mzee aendelee kupata nafuu. Naomba wanaosoma wasilipite jambo hili: maumivu mapya ya kichwa, yaani yasiyofanana na yale uliyoyazoea, yakianza baada ya miaka 50, kwanza ni ya daktari.

Mchangiaji, fundi cherehani mstaafu

Kwangu chanzo kilikuwa miwani, au tuseme miwani pamoja na mgongo. Nina miaka 71 na nimeshona tangu ujana. Nilipoanza kuvaa miwani yenye sehemu mbili, ya kutazamia mbali juu na ya kusomea chini, nilijikuta nikiinua kidevu kila ninapotaka kuona kitu cha karibu kilicho mbele ya uso wangu. Sikulitambua hilo. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyeniomba nije na miwani na nikae kama ninavyokaa kazini, akanitazama kimya kwa dakika kadhaa, kisha akaniwekea mkono kisogoni ili nihisi jinsi shingo ilivyojikunja kuelekea nyuma. Nilishauriwa niwe na miwani ya karibu pekee kwa kazi ya karibu, na niinue kazi kuelekea kwangu badala ya kuipelekea kichwa.

Upande wa mgongo, sehemu ya juu imepinda kama ilivyo kwa wazee wengi, na mgongo ukipinda mbele, shingo hulazimika kujikunja nyuma ili macho yatazame mbele. Kwa hiyo mazoezi yangu mengi hayakuwa ya shingo: yalikuwa ya kunyoosha kifua, ya kuulegeza mgongo wa juu nikiwa nimekaa kitini, na ya kuimarisha misuli iliyo kati ya mabega. Kitandani niliambiwa nikunje taulo chini ya kichwa, unene wa kutosha tu ili uso utazame dari bila kidevu kuelekea juu. Watu huulizana kuhusu mto bora. Nilivyoelezwa, mto bora ni ule unaokifanya kichwa kiwe sawa na mwili wako, na miili yetu haifanani.

Mchangiaji anayemwandikia mkewe

Mke wangu hapendi kuandika, lakini amenipa ruhusa. Yeye alikuwa na maumivu ya shingo na kichwa karibu kila siku, na karibu kila siku alikunywa dawa za kutuliza maumivu. Alipoombwa na mtaalamu aandike kwenye daftari siku za maumivu na siku za dawa, ilionekana wazi kwamba dawa zenyewe zimekuwa sehemu ya ugonjwa. Kipimo tulichoelezwa ni hiki: kwa mtu mwenye maumivu ya kichwa tangu awali, dawa za kawaida za maumivu zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa zenye mchanganyiko na zile za jamii ya kasumba siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi 3, zinaweza kukichochea kichwa kuendelea kuuma. Kwa wazee kuna hatari nyingine pia, kwani baadhi ya dawa hizo huumiza tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu.

Daktari ndiye aliyesimamia kupunguza dawa, nasi tuliambiwa mapema kwamba kichwa kingeuma zaidi kabla ya kutulia. Ndivyo ilivyokuwa. Fiziotherapia ya shingo iliendelea sambamba, na nadhani bila hiyo asingestahimili kipindi kile, kwa sababu alikuwa na kitu cha kufanya mwenyewe pale maumivu yalipokuja.

Mchangiaji mwingine

Niseme kwa ufupi upande ambao haujasemwa. Nina kipanda uso tangu usichana wangu, na fiziotherapia haikukiondoa. Shingo imelegea, nageuka vizuri, na maumivu ya katikati ya wiki yaliyokuwa yakinisumbua yamepungua. Kipanda uso chenyewe, kile cha kichefuchefu na kuogopa mwanga, bado hunijia na bado nahitaji dawa zake. Sijutii, lakini anayeanza aulize mapema ni maumivu gani kati ya yale aliyonayo yanayotarajiwa kupungua.

Mchangiaji, mtaalamu wa fiziotherapia

Wazee wangu shikamooni. Nimesoma yote na ningependa kuongeza machache kutoka upande wetu.

Kuhusu ushahidi, utafiti unaotajwa sana ulichapishwa mwaka 2002, ukiwa na washiriki 200 wenye maumivu ya kichwa yatokanayo na shingo. Ulionyesha kwamba tiba ya mikono na mazoezi, kila moja peke yake au kwa pamoja, hupunguza maumivu, na nafuu iliendelea kuonekana baada ya miezi 12. Washiriki wake, hata hivyo, hawakuzidi umri wa miaka 60. Ndiyo maana nauthamini utafiti mdogo uliofanyika Thailand na kuchapishwa mwaka 2017, kwa kuwa uliwaangalia watu 65 wenye umri wa miaka 50 hadi 75 ambao maumivu yao ya kichwa yalikuwa yakijirudia pamoja na shida ya shingo. Waliopata vipindi 14 vya fiziotherapia walipungukiwa na marudio ya maumivu ya kichwa kuliko walioendelea na huduma zao za kawaida, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo kwenye kipimo cha miezi 9. Anayemwambia mzee kwamba umri wake umepita hana ushahidi wa kumwambia hivyo.

Picha ya eksirei isiwatishe. Pingili zilizochakaa huonekana kwa wazee wengi ambao hawaumwi kabisa, na picha peke yake haisemi maumivu yanatoka wapi. Vidole na vipimo vya mwendo husema zaidi.

Kinachonihangaisha ni kukurupushwa kwa shingo hadi ilie. Mzee mwenye mifupa iliyodhoofika asifanyiwe hivyo, wala mwenye baridi yabisi, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kulegeza kano zinazoshikilia pingili mbili za juu. Hakuna ulazima wowote wa kutumia nguvu hiyo wakati mbinu za taratibu zipo. Vilevile, mzee aliyeanguka, hasa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, akianza kuumwa kichwa au kuchanganyikiwa hata wiki kadhaa baadaye, apelekwe hospitali haraka, kwani damu inaweza kuwa inavuja taratibu juu ya ubongo. Na ambaye vidole vimekuwa vizito kufunga vifungo, mwendo unayumba au haja ndogo imebadilika, huenda uti wa mgongo umebanwa shingoni. Huyo aonwe na daktari kabla ya mtu yeyote kumgusa shingo.

Mchangiaji mwenye swali

Ahsante mtaalamu. Mimi siwezi kulala chali, pumzi hunibana na mgongo umepinda. Je, zoezi la kuitikia alilolieleza dada yetu litanipita?

Mchangiaji, mtaalamu wa fiziotherapia

Halitakupita, bibi. Kaa kwenye kiti chenye mgongo mrefu, au egemea mito mpaka upumue vizuri, na kisogo kiwe na kitu cha kuegemea. Pengo likiwepo, lijaze kwa taulo lililokunjwa. Shusha kidevu kidogo huku kisogo kikiteleza kuelekea juu kwenye taulo, bila kulisukuma. Weka vidole viwili mbele ya shingo; ukihisi misuli inakakamaa chini ya vidole, umezidisha, punguza mwendo. Anza na sekunde chache, mara chache, na uyarudie kila siku badala ya kuyafanya mengi kwa siku moja. Misuli kuchoka ni jambo la kawaida. Kizunguzungu, ganzi mkononi au maumivu makali ya ghafla si ya kawaida. Yakitokea acha hapohapo, na umweleze anayekutibu kabla ya kuendelea.