Kipimo chetu cha selimundu kimenyimwa hataza, eti ni "sheria ya maumbile"

Kijana wa Muheza
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Houston, maabara ya damu, mwaka wa nne sasa. Mimi na mwenzangu tumeona protini fulani ikipanda kwenye damu ya mgonjwa wa selimundu siku mbili tatu kabla maumivu hayajamshika. Tukatengeneza kifaa kidogo cha kubandika mkononi, na programu ya kusoma vipimo na kumwonya mapema.

Barua ya mtahini wa ofisi ya hataza, wale wanaotoa haki ya kumlinda mvumbuzi, imefika Jumanne. Hasemi kwamba si kipya. Anasema kipimo ni sheria ya maumbile, programu ni wazo tupu, na kifungu cha 101 cha sheria ya hataza ya Marekani hakilindi vitu hivyo.

Mdogo wangu wa kike aliondoka na ugonjwa huu akiwa na miaka kumi na mmoja. Kila mara maumivu yalitukuta usiku, hatujajiandaa. Bila hataza sioni nani ataweka pesa kukizalisha. Kuna aliyewahi kuvuka hapa? Au niombe Nairobi?

Mama Salma
Marahaba baba. Nimeandaa maombi ya hataza kwa mawakili wa Boston miaka kumi na minne, barua kama hiyo nimezifungua nyingi.

Chanzo ni kesi ya Mayo, 2012. Kulikuwa na hataza ya kupima mabaki ya dawa za thiopurini kwenye damu, daktari ajue kama dozi iongezwe au ipunguzwe. Mahakama ya Juu ikasema uhusiano huo ni wa maumbile, na kupima ni kazi ya kila siku ya maabara. Mwaka uliofuata, kesi ya Myriad, majaji wote tisa wakasema jeni za BRCA, zile za hatari ya saratani ya matiti, haziwi mali ya mtu kwa kutolewa tu mwilini. Hilo nalikubali kabisa. Linaloniuma ni kesi ya Sequenom, 2015: DNA ya mtoto imegunduliwa kwenye plazima ya mama, plazima iliyokuwa ikimwagwa, na mjamzito akapata kipimo bila sindano ya tumboni. Wakanyimwa! Jaji Linn aliandika wazi kwamba anaungana na wenzake kwa sababu tu maneno ya Mayo yamemfunga.

Njia ipo. Kesi ya Vanda, 2018, walidai, yaani waliomba walindiwe, njia ya kupima jeni ya CYP2D6, inayohusika na mwili kuivunja dawa, kisha kumpa mgonjwa wa skizofrenia dawa ya iloperidoni kwa dozi maalumu. Walishinda maana walidai tiba. Ila dai hilohilo Nairobi halipiti: kifungu cha 21 cha sheria ya Kenya ya 2001 kinaziondoa njia za tiba na za kutambua ugonjwa, kinaacha bidhaa zinazotumika humo. Huko dai kifaa. Na mliomba lini? Kama miezi 12 imepita bila PCT, yaani ombi la hataza la kimataifa, habari ni nyingine.

Fundi Programu
Kwa upande wa programu kikwazo chako ni kesi ya Alice, 2014. Kuandika "kwa kutumia kompyuta" hakuokoi hesabu. Kasome kesi ya Diehr, 1981: hesabu ya Arrhenius, ya kujua mpira utaiva lini, ilijulikana zamani, lakini kompyuta yao ilifuatilia joto ndani ya kalibu la mpira muda wote, na kalibu likafunguka wakati unaofaa. Ikapita. Programu yenu inaonya tu, au kuna kitu inakiendesha?

Kijana wa Muheza
Mama Salma, tulipitia PCT, huu ni mwezi wa 20 tangu ombi la kwanza. Fundi, kipo! Protini ikianza kupanda, programu inakiamuru kifaa kipime kila saa badala ya mara mbili kwa siku. Kingepima kila saa muda wote, betri isingemaliza wiki. Kwenye madai, sehemu ya ombi inayotaja tunachotaka kilindwe, hatukuliandika. Limo kwenye maelezo, ukurasa wa 14, mistari mitatu.

Mama Salma
Huenda mitatu ikatosha, maadamu ilikuwamo siku ya kuwasilisha. Kipya huruhusiwi kuongeza, kilichomo unaweza kukihamishia kwenye madai. Mpigie wakili leo. Una miezi 3 ya kujibu kabla hujaanza kulipia nyongeza ya muda, na Nairobi usiuache mwezi wa 30 ukupite.