Mada: Binti kaitwa Honors chuoni, akubali au aache?

Kutoka: Mama N., Soweto, Moshi

Habari za huko wanandugu. Wakubwa zangu shikamooni.

Binti yangu yuko mwaka wa kwanza kwenye chuo cha jimbo huko Marekani, anasoma baiolojia. Alitoka PCB na divisheni one, akapata ufadhili unaolipa karibu ada yote, sharti GPA (wastani wa alama) isishuke chini ya 3.5. Muhula wa kwanza kafanya vizuri, sasa kaletewa barua ya kumkaribisha aombe nafasi kwenye programu ya Honors.

Baba yake anasema huo ni mzigo wa kujitakia: kozi ngumu, GPA ikiteleza ufadhili unaondoka, na dola za kuziba hilo pengo hatuna. Mjomba wake aliyesoma Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) anasema kama ni first class ataipata tu bila kujiunga na chochote. Mwenyewe anataka, ila anaogopa. Mwisho wa kujibu ni wiki ijayo. Nyie mlioko huko mnasemaje?

Kutoka: Dada E., Pennsylvania (kwetu Machame)

Shikamoo mama, na hongera, binti kapasua kweli.

Nianze na la mjomba maana ni fupi. First class ya Mlimani ni hesabu ya GPA: ukifikisha 4.4 hadi 5 ni yako, hujaomba popote. Huku nako zipo tuzo za namna hiyo siku ya mahafali. Honors ni jambo jingine. Ni programu unayoingia, ina madarasa yake na washauri wake, mara nyingi na hosteli yake, na nyingi zinataka umalize kwa kuandika tasnifu. Swarthmore walianza yao mwaka 1922 chini ya Frank Aydelotte, ambaye alikuwa amesoma Oxford, na mpaka leo wanaita watahini kutoka nje ya chuo. Vyuo vikubwa vya majimbo vina sababu yao: ukumbi una wanafunzi mia tatu, profesa hajui nani ni nani, na watoto wenye uwezo wanakimbilia vyuo binafsi. Ndiyo maana Arizona State wana chuo chao cha Honors tangu 1988, ambacho leo kinaitwa Barrett, na hapa Penn State kuna Schreyer, iliyopata jina hilo baada ya William Schreyer na mkewe Joan kutoa dola milioni 30 mwaka 1997.

Faida atakayoiona mapema, kwenye programu nyingi, ni kujiandikisha kozi kabla ya wengine. Inaonekana ndogo mpaka siku maabara ya kemia imejaa na nafasi iliyobaki inagongana na zamu yake ya kazi. Halafu madarasa madogo, watu kumi na tano au ishirini. Watoto wetu tumewalea wakae kimya mbele ya mwalimu, kwa hiyo mwezi wa kwanza atatoka jasho. Lakini humo ndimo profesa anamjua kwa jina. Barua ya profesa wa ukumbini inasema mtoto alipata A, basi. Barua ya aliyemsimamia tasnifu mwaka mzima inaeleza anavyofikiri na anavyofanya kazi akikwama, na akija kuomba masters hiyo ndiyo wanayoisoma kwa makini.

Sasa vipeperushi vyao. Watamwambia Honors inakuandaa kwa ufadhili mkubwa kama Fulbright, Truman, Goldwater. Hizo azifute. Fulbright ya wanafunzi wa huku na Truman si za wageni, ni za Wamarekani, na Goldwater inaongeza tu wenye ukaazi wa kudumu. Hata nafasi za utafiti wa kiangazi zinazolipiwa na NSF, mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani, fedha zake zina masharti hayo hayo. Mtanzania wa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, anabaki na Rhodes, ufadhili wa kwenda Oxford, na chache nyingine. Kwenye vikao vya kuwakaribisha wanafunzi wa kigeni sijasikia mtu akilitaja hili, na linanikera. Swali la kuwauliza ni moja: programu ina fungu lake la utafiti, na mgeni anaruhusiwa kuliomba?

Hofu ya baba ina msingi, ila ahesabu vizuri. Kila programu ina kiwango chake cha GPA, na kuna zinazotaka kilekile cha 3.5 au chini yake, kwa hiyo huenda kamba iliyomfunga tayari ndiyo hiyo hiyo. Akishindwa, kwa kawaida anatolewa Honors na kuendelea na digrii yake kama wengine. Hiyo si kudisko. Mwambie pia aulizie ada. Barrett wanatoza ya ziada, na hosteli za Honors wakati mwingine ni ghali kuliko za kawaida.

Kutoka: Baba J., Texas

Mimi niwe tofauti kidogo. Kijana wangu alisoma uhandisi na Honors aliikataa. Waajiri walimuuliza mafunzo kazini aliyafanyia wapi na anajua programu gani za kompyuta, hakuna aliyeuliza kingine. Kama binti hana mpango wa masters au udaktari, tasnifu ya nini? Muda huo afanye kazi maabara, alipwe.

Kutoka: Kaka F., Sakina, Arusha

Baba J., kwa uhandisi nakuunga mkono. Kwa baiolojia siwezi.

Mimi nilisoma huko nikarudi, na tasnifu yangu ya Honors niliifanyia nyumbani. Niliandika juu ya mifongo, ile mifereji ya wazee inayoteremsha maji ya mlimani hadi migombani, na nani anaamua maji yafunguliwe zamu ya nani. Profesa wangu wa mazingira alikuwa hajawahi kuisikia. Fungu la programu likanikatia tiketi ya kiangazi, nikaja kufanya utafiti Old Moshi nikilala kwa bibi.

Mama N., hapa ndipo binti ajiandae mapema, kwa sababu karatasi ndizo zinazochelewesha. Ukihoji watu, chuo kinakutaka upite kwanza kwenye kamati yao ya maadili. Waliniandalia fomu ya ridhaa, nikaitafsiri, nikatoa kopi stesheneri mjini. Mzee wa mfongo akaipokea, akaisoma yote mpaka chini, akauliza kwa nini atie sahihi ili aeleze mfereji uliochimbwa na babu yake. Wa pili hakutaka hata kuishika; kwake anayekuja na karatasi ya kusaini ni mtu wa ardhi. Nikawaandikia kamati, wakakubali ridhaa ya mdomo. Baada ya hapo mazungumzo yalihamia kwenye kibanda cha mbege na yakaenda yenyewe. Na huku kwetu usisahau kibali cha utafiti cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kama mada ni ya afya na inagusa wagonjwa, kuna NIMR pia, taasisi ya utafiti wa magonjwa, na hapo kiangazi kimoja hakitoshi. Mtoto wa baiolojia ningemshauri achague maji, udongo au kahawa, aachane na wodi.

Kazi niliyonayo sasa hapa Arusha ni ya maji. Kwenye usaili walinihoji zaidi kuhusu ile tasnifu kuliko digrii yenyewe.

Kutoka: Mama N.

Asanteni sana wanangu. Baba yake kasoma yote, kanyamaza, kwa hiyo kidogo amelainika. Swali moja: binti anafanya kazi kantini ya chuo saa 20 kwa wiki. Ataweza?

Kutoka: Dada E.

Saa 20 ndicho kikomo cha F-1 chuo kikiwa kimefunguliwa, kwa hiyo tayari kajaza. Na Honors juu yake, mama, hapana. Ashushe hadi 12 au 10 kwa muhula wa kwanza wa Honors, aone. Au aombe kuhamishiwa kazi ya maabara, humo huenda akapata na mada ya tasnifu.

Asichukue kozi mbili za Honors kwa mpigo. Aanze na moja, na nyingine aifanye kwa mkataba: anabaki kwenye darasa la kawaida, anakubaliana na profesa kazi ya ziada, labda andiko moja refu, na inahesabiwa. Akizidiwa asikimbilie kufuta kozi. Mwenye F-1 wa digrii ya kwanza akishuka chini ya krediti 12 bila ofisi ya wanafunzi wa kigeni kuidhinisha kwanza, anaharibu hadhi yake ya viza, na hilo ni baya kuliko B yoyote.

Barua ya maombi asiandike habari za kupenda sayansi tangu utotoni, wamezisoma hizo mpaka wamechoka. Aandike swali moja analotaka kulijibu. Anitumie rasimu kabla ya Ijumaa, nitaipitia.

Kutoka: Kaka F.

Na mimi anitumie. Kama ataandika la kahawa, TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, wako Lyamungo hapo juu, mama unaweza kwenda mwenyewe ukaulize wanapokeaje wanafunzi.